Nawachomea wenzangu makokoro, langu liko majini

Shikamoo Mwalimu,

Naomba usiandike jina langu wala la mwalo wetu, yaani ufuko tunakoshushia samaki. Sema tu ni upande wa Sengerema, kando ya Ziwa Victoria, mialo huku ni mingi.

Nina miaka 34, mke mmoja na watoto watatu, wawili ni pacha. Huu ni mwaka wa tatu niko katibu wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kulinda ziwa, ya mwalo wetu. Kusema nimezaliwa nako. Shule ya msingi akija mgeni, wa ngonjera alikuwa mimi, na nilipomaliza darasa la saba bila kuchaguliwa, mwalimu mkuu alimwambia baba asihuzunike, huyu mdomo wake utamlisha. Leo harusi nasherehesha mimi, msiba wasifu wa marehemu nasoma mimi, na kiongozi akija anayemkaribisha ni mimi hata kama mwenyekiti amekaa pale. Sijisifu. Nataka uelewe tatizo lilipoanzia.

Kazi kubwa ya kikundi chetu ni kupambana na uvuvi haramu. Doria tunakwenda, lakini mafuta ya mashine ni ya kuungaunga, kwa hiyo silaha yetu hasa ni mikutano. Nasimama chini ya mti karibu na mizani nawaeleza watu habari za sato. Sato jike akishataga huyaokota mayai yake na kuyaatamia kinywani, na watoto wakitoka hukaa humo humo mpaka wapate nguvu. Kokoro, ule wavu haramu wa kuburuta, likiburutwa kwenye maji mafupi linamkuta hapo hapo kwenye mazalia. Akibanwa, anatema. Ninachofanya, Mwalimu, naweka kiganja mdomoni, navuta pumzi, halafu nakifungua juu ya mchanga bila kusema neno. Wanawake wanaguna. Wanaume wanaangalia chini.

Mwaka jana mwezi wa nane, nilipomaliza kufungua kiganja hivyo, mzee mmoja wa pale kwetu, makamo ya baba yangu, aliinuka akaondoka. Tukadhani amekasirika. Akarudi na wajukuu zake wanne wamebeba kokoro mabegani, refu kama chatu. Akalitupa miguuni pangu: "Katibu, choma." Tukachoma. Picha zikapelekwa wilayani, mimi nimesimama mbele ya moshi.

Sasa ndiyo nafika penyewe. Mimi nina hisa kwenye kokoro. Liko kisiwani, shemeji yangu kaka wa mke wangu ndiye anayelisimamia, mimi nilitoa nusu ya mtaji kabla sijawa katibu. Kila Jumapili jioni simu inalia, mgawo umeingia. Wiki mbaya Sh40,000, wiki nzuri Sh150,000. Nyumba nimeiezeka kwa hela hiyo.

Yule mzee alikwenda kwa tajiri, akakopeshwa nyavu za macho makubwa kwa sharti kwamba samaki wote amuuzie yeye kwa bei anayotaka yeye. Mwezi wa kumi na mbili nyavu ziliibwa usiku zikiwa ziwani. Deni limebaki. Mjukuu wake aliyekuwa anasoma mjini amerudi nyumbani, hela ya hosteli imekosekana.

Wiki mbili zilizopita alikuja kwangu alfajiri na ndoo. Ndani kulikuwa na sato mmoja, mkubwa. Akasema, "Huyu nimempata kwa wavu wa halali wa kuazima. Nimeona ule wewe kwanza, maana ndiwe uliyenifumbua macho." Nilikosa la kusema. Mimi, Mwalimu! Mke wangu ndiye aliyeshukuru. Huyo sato sikumla, mke alimkausha, bado yuko darini.

Mwezi ujao kuna mkutano wa mialo zaidi ya kumi, na viongozi wa wilaya watakuwepo. Nimepangwa kuwa msemaji mkuu. Rafiki yangu mmoja anayejua habari hii ananiambia nisijisumbue, mganga hajigangi, na ukweli ni ukweli hata ukisemwa na mlevi. Mke wangu anasema, "Baba Kulwa, heri ukae kimya kabisa." Na juzi nimemsikia mchungaji redioni akisema asimamaye mbele ya watu lazima kwanza awe mtu mwema.

Je, ni kweli lazima? Na kama ni lazima, nani atabaki wa kusema?

Katibu, Sengerema

* * *

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa na kalamu nyekundu, maana ualimu hauishi na kustaafu. Kiganja chako umekichora vizuri mno, nimekiona mpaka mchanga. Kokoro lako umelipa mistari michache, tena hukuliita lako. La mzee umeliita kokoro. Lako umeliita "hisa". Neno hilo nimelizungushia duara, tutalirudia.

Nianze na swali lako kama ulivyoliuliza, kwa sababu ni swali zuri na ni la zamani kuliko mwalo wenu na wangu. Alikuwepo mwalimu mmoja Roma, Quintilian, mzaliwa wa Hispania, aliyelipwa mshahara na dola kufundisha watu kusema. Uzeeni, kwenye mwaka 95 hivi, alimaliza kazi ya vitabu 12 juu ya kumlea msemaji tangu utotoni, na katika kile cha mwisho akaandika kwamba msemaji ni mtu mwema aliye fundi wa kusema. Maneno yenyewe aliyachukua kwa Cato, mzee wa Kirumi aliyemtangulia kwa zaidi ya miaka 200. Quintilian akaenda mbali zaidi: mtu mbaya hawezi kabisa kuwa msemaji. Sababu aliyotoa inanifurahisha, ni ya mtu aliyekaa darasani muda mrefu. Alisema moyo wa mtu mbaya una shughuli nyingi mno, umeraruliwa na tamaa na hofu na hesabu za usiku, hauna nafasi ya kujifunza kazi ngumu.

Mchungaji wako wa redioni, basi, ana mzee wa kumtetea. Lakini mimi simkubali Quintilian. Kwanza yeye mwenyewe, katika vitabu hivyo hivyo, alimmwagia sifa Domitian, kaisari katili aliyekuwa amemkabidhi watoto wa ukoo wake awafundishe. Mkono unaolisha, unajua tena. Pili, mifano inamkataa. Demosthenes, ambaye Wagiriki na Warumi walimhesabu kuwa bingwa wa mabingwa, mwaka 323 kabla ya Kristo alitiwa hatiani Athens kwa kupokea fedha zisizo halali akatozwa faini ya talanta 50. Hotuba zake bado zinasomwa.

Na wala hatuna haja ya kwenda Athens. Nenda Bujora, hapa karibu na Mwanza, msimu wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, mwezi wa sita, Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, wanapokutana. Ngoma mbili zinachezwa kwa wakati mmoja uwanja mmoja, na watu ndio mahakama: upande wenye mbwembwe unavuta umati, upande mwingine unabaki unajichezea wenyewe kwenye vumbi. Ningi, yaani kiongozi wa ngoma, anayeimba vizuri anashinda. Sijawahi kumwona mtu katika umati ule akiuliza kama ningi amelipa mahari yote au kama anamsalimia mama mkwe. Kinywa ni kinywa. Mungu alivigawa bila kuangalia daftari la tabia.

Nami nimevinoa vinywa hivyo kwa mikono yangu. Miaka mingi niliendesha midahalo shuleni, nikiwalazimisha watoto kutetea upande wasiouamini, na wengine sasa nawasikia bungeni wakiendelea na zoezi hilo. Bora kuliko wote alikuwa kijana mmoja wa bwenini. Mwaka huo mablanketi yalikuwa yanaibwa, na usiku wa Mwanza wakati wa mvua hauna mchezo, hasa dirisha likiwa halina kioo. Mkuu wa shule akamsimamisha kijana yule asubuhi mstarini aseme juu ya wizi. Alisema dakika tano. Alimsema mama anayeuza dagaa fungu kwa fungu mpaka blanketi lipatikane, halafu mwanawe analala akikumbatia magoti. Hata mpishi alitoka jikoni kusikiliza. Kesho yake asubuhi mablanketi mawili yalikutwa yamekunjwa mlangoni mwa bweni.

Wiki tatu baadaye tulifungua sanduku la msemaji wetu tukakuta matatu, na hakuna hata moja lililofanana na yale mawili.

Hapo rafiki yako atapiga makofi: umeona? Hotuba ya mwizi imerudisha mablanketi. Kweli, imerudisha. Augustino wa Hippo, Mwafrika mwenzetu wa kule ambako leo ni Algeria, aliliandika wazi jambo hili alipokuwa akiwafundisha wahubiri: wako wasemao mema wasiyoyatenda, na watu wanafaidika nao. Alijiegemeza kwenye Mathayo 23, pale Yesu anapowaambia watu wayashike wanayoambiwa na waandishi na Mafarisayo lakini wasiige matendo yao. Akaongeza tu kwamba wangefaidisha wengi zaidi kama wangetenda, na kwamba maisha ya msemaji yana uzito kuliko ufasaha wowote.

Basi kwa upande wa msikilizaji jibu ni rahisi. Sato anaatamia mayai kinywani, hata likisemwa na mwenye kokoro. Mzee wako hakudanganywa kuhusu samaki, na hakukosea kuchoma. Mtu akija kwangu kuuliza, "Mwalimu, aliyenifundisha haki ni mlevi, nitupe niliyojifunza?" namwambia asitupe kitu.

Lakini wewe si msikilizaji, mwanangu. Maneno ya Yesu pale yalikuwa faraja kwa waliokaa chini. Kwa waliokuwa wamesimama, soma sura yote uone kama kuna faraja. Na Waislamu wa mwalo wenu watakuwa wanaijua ile ya Sura As-Saff, kwa nini mnasema msiyoyatenda.

Nakurudisha bwenini kwanza, kwa sababu sikumaliza. Kati ya waliorudisha mablanketi, mmoja tulimjua, kijana mpole, alikuja mwenyewe ofisini kwangu analia. Habari ya sanduku ilipotoka, wenzake walicheka, yeye hakucheka. Miaka miwili iliyobaki hakuna jambo alilokiri tena pale shuleni. Kioo kikivunjika, daftari likipotea, uso wake ulikuwa kama ukuta. Yule msemaji alichapwa, akasimamishwa masomo, akarudi, akaendelea na midahalo, watu wakasahau. Aliyelipa ni aliyemwamini.

Kwa hiyo sikuulizi kama wewe ni mtu mwema. Sijui, na hata ningekaa kwenu mwezi mzima nisingejua. Nakuuliza ulichowaomba watu watoe, na nani anakula kile walichotoa.

Rafiki yako amekuletea methali, mganga hajigangi. Methali nzuri, inawahurumia waganga, na ndivyo ilivyo. Mlevi anayepigana na chupa akiwaambia vijana waache gongo, mimi namsikiliza kuliko asiyewahi kuionja. Mwenye hasira anaweza kufundisha uvumilivu huku anaanguka na kuinuka. Tukisubiri wasafi ndio waseme, mialo yote itakuwa kimya na watakaobaki na vipaza sauti ni wale wasio na haya, ambao swali lako halijawahi kuwanyima usingizi. Hapo nakupa haki: ukiuliza nani atabaki wa kusema, umeuliza vizuri. Ila methali inasema mganga hajigangi. Haisemi mganga ndiye anayeroga kijiji kizima halafu asubuhi anafungua kilinge.

Angalia hesabu yako. Kila kokoro linalochomwa kwa maneno yako ni kokoro moja pungufu la kushindana na lile la kisiwani. Samaki aliyeachwa na mzee hana mpaka, ziwa ni moja. Jumapili yako imenona kidogo kwa sababu ya Agosti yake. Sisemi ulipanga hivyo. Nasema ndivyo ilivyo, na nadhani ndiyo maana yule sato hakupita kooni.

Turudi sasa kwenye duara langu jekundu. Mwaka 1967, Azimio la Arusha lilipotoka mwezi wa pili, liliwawekea viongozi miiko: wasiwe na mishahara miwili, wasiwe na nyumba za kupangisha, wasiwe na hisa kwenye kampuni yoyote. Hisa, ndiyo, neno lako. Miiko ile ililegezwa kule Zanzibar mwaka 1991 na sitaki kuanza ugomvi wa kama ilikuwa sahihi, nina marafiki pande zote mbili na wote wananitumia ujumbe. Ila nataka uone ilikuwa inalenga nini. Haikumtaka kiongozi awe malaika. Haikuuliza kama anampenda mke wake. Iliuliza kitu kimoja cha kukera: unaposimama kuwaambia watu wajinyime, mkono wako mwingine uko wapi?

Mwezi wa kumi mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka hapa Mwanza, kwenye mkutano wa TANU, kuliunga mkono Azimio. Nilikuwa mdogo. Baba yangu alikuwa anauza samaki wakavu sokoni, akafunga meza akaenda barabarani na wenzake. Miaka yote aliyoishi baada ya hapo nilikuwa namchokoza: baba, alisema nini siku ile? Hotuba hakuikumbuka hata sentensi moja, na alikuwa mtu wa kumbukumbu, bei za samaki za miaka ya sitini alikuwa nazo kichwani. Alikuwa anakumbuka vumbi.

Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, aliandika kwamba msemaji hujijengea imani ndani ya hotuba yenyewe, kwa namna anavyosema, si kwa sifa alizokuja nazo. Kwa umati wa wageni naona yuko sahihi, ndiyo maana matapeli wa mjini wanahama mtaa kila baada ya miezi sita. Mwalo ni kitu kingine. Pale watu wanajua umekula nini jana kwa harufu. Shemeji yako ana wavuta kokoro, kumi hivi sivyo? Kumi wana wake, wake wana mashoga, na dagaa wa kisiwani wanakuja kuuzwa upande wenu. Unadhani ni rafiki yako na mke wako tu wanaojua. Mimi, nisiyekujua, nakuambia kuna watu watano kwenye mkutano ule wanaoguna kwa sababu nyingine.

Haya, la kufanya.

Hisa usiiuze. Najua ndilo wazo la kwanza, kwa sababu mimi lilinijia. Ukiuza, kokoro linabaki majini na wewe unabaki na hela, umebadilisha jina tu. Lazima litoke. Hilo maana yake ni kukaa na shemeji yako, ambaye hakuhutubia mtu yeyote na ana midomo ya kulisha, na kumweleza kwa nini riziki yake inaondoka kwa sababu ya dhamiri yako. Atakukasirikia, na atakuwa na haki ya kukasirika. Ivumilie hasira yake, halafu uende naye kutafuta nyavu halali, sehemu kubwa zaidi ya gharama ukitoa wewe. Mke wako ndiye atakayeumia katikati, kwani ni kaka yake, kwa hiyo yeye umweleze kwanza kabla ya yeyote.

Kisheria sikufichi kitu. Kokoro limekatazwa ziwani na kulimiliki ni kosa. Wewe ni katibu wa kikundi kinachokamata wengine, na siwezi kukuahidi kwamba ukijitokeza hutaguswa. Tafuta mtu anayejua sheria ukae naye saa moja. Halafu nenda kwa afisa uvuvi mwenyewe, kabla hajaletewa habari zako na mtu mwenye chuki. Ukatibu uuache. Sisemi milele, lakini uuache wewe, kwa barua, wasikuvue.

Sasa mzee. Hapa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo kipaji chako kitakapokuponza.

Najua unachokifikiria. Unajiona siku ya mkutano mkubwa, mialo zaidi ya kumi, viongozi wamekaa mbele, wewe umeshika kipaza sauti, unanyamaza kidogo, halafu unasema, "Ndugu zangu, na mimi nina kokoro." Kimya. Machozi. Mzee anainuka anakukumbatia. Makofi mpaka ng'ambo. Mwanangu, hotuba hiyo umeshaitunga, nina hakika hata pa kuvuta pumzi unapajua. Itakuwa hotuba bora ya maisha yako, na mzee atakuwa ametumika mara mbili: mara ya kwanza alikupa moshi wa kupigia picha, mara hii atakupa machozi. Mbele ya watu 500 atakusamehe, afanye nini kingine? Utakuwa umemnyima hata nafasi ya kukutukana.

Nenda usiku. Bila mwenyekiti, bila rafiki, bila kiganja. Kaa chini kama mtoto wake. Sema, "Mzee, nina kokoro kisiwani tangu zamani," halafu unyamaze, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwa mtu wa aina yako. Usieleze. Usitoe mfano. Akiuliza tangu lini, taja mwaka. Akiuliza umepata ngapi, taja. Akinyamaza, nyamaza naye hata ikifika saa sita. Akikufukuza, ondoka, na urudi siku nyingine.

Na uende na hela. Mgawo wa Jumapili kuanzia Agosti mpaka leo unaweza kuuhesabu, simu inatunza ujumbe. Deni la tajiri ni shilingi ngapi? Hosteli ya mjukuu ni shilingi ngapi? Huwezi kuyalipa kwa mkupuo, sawa, lakini mabati uliyoezekea yana bei sokoni, na pikipiki, kama unayo, ina bei. Hela hiyo usiiite zawadi wala msaada. Ukiitoa kama msaada ataipokea kwa shukrani, na shukrani zake ndizo zilizokukaba mara ya kwanza.

Mke wako amesema ukae kimya kabisa. Nusu ya maneno yake nayachukua. Mkutano wa mwezi ujao mwachie mwingine, hata kama anakwama na kusoma kwenye karatasi. Kuna mtu kwenye mwalo wenu ambaye aliacha kokoro, akaibiwa nyavu, na bado anavua kwa wavu wa kuazima. Akitaka kusema, wapeni wanaume wale wamsikie hata akisema sentensi tatu. Asipotaka, msimbembeleze. Nusu ya pili, ya kabisa, siichukui. Kusema umejaliwa, na mazalia yanahitaji wa kuyasemea. Siku moja watu wa mwalo, wakiwa wamejua kila kitu, watakuambia, "Katibu wa zamani, hebu tuelezee tena ile ya sato." Itachukua muda gani sijui. Wao ndio watakaosema, wewe usijipendekeze.

Sato wa darini mteremshe. Mloweke, mpikeni kwa nyanya na ugali, mle wote na watoto. Alivuliwa kwa wavu wa halali, hana kosa lolote.

Tarehe ya mkutano hukuniandikia. Ila barua yako nimeipata Alhamisi, na Jumapili simu italia.